Mkwe Wangu wa Kitanda cha Kumi na Moja

Mgonjwa mzee akiletwa wadini, muulize jina. Muulize anaumwa wapi, na mara ya mwisho alipata choo lini. Kisha funga mdomo. Ukoo usimuulize. Mimi nilimuuliza mmoja, na swali hilo lilikaribia kumtoboa mgongo hadi mfupani.

Nitawaeleza, lakini kwanza tuelewane. Nyinyi vijana wa unesi mnakuja hapa kwangu, "Niaje, shosh," mnanisalimu kama nyanya yenu, mnakunywa chai yangu, halafu mnataka niwaambie kwamba kutunza wazee ni wito. Wito muulizeni padri. Kutunza wazee ni soko. Mzee ana bei yake, wewe una yako, na katikati kuna uji unaopoa. Ukitaka ale vijiko kumi, anza na ishirini. Atashtuka, atauliza kama umemwona yeye ng'ombe. Atasema vitano. Hapo ushike kiuno, ulalamike, useme utafukuzwa kazi na watoto walale njaa. Mimi nilikuwa nawataja watoto watano wakati sikuwa na hata mmoja. Mtakutana kwenye kumi, naye atalala akijua amekushinda, na mzee aliyemshinda nesi hupona upesi. Hilo halimo katika vitabu vyenu. Nimetafuta, mara mbili.

Wiki yangu ya kwanza sikujua hivyo. Nilianza na kumi, kwa uaminifu, kama mjinga. Mzee mmoja fundi wa viatu alinishusha hadi viwili, na cha pili akakitema kwenye aproni.

Hii ni miaka ya hamsini nawaambia. Hospitali yetu, jina tuliache, ilikuwa ya Waafrika. Wazungu walikuwa na yao, Wahindi yao. Hata homa ilijua mlango wake. Wadi ya wanaume ilikuwa na vitanda thelathini na viwili na mablanketi mekundu sitini na manne. Niliyahesabu asubuhi, nikayahesabu tena saa za kutazama wagonjwa zikiisha, kwa sababu kuna wageni waliingia wembamba wakatoka wanene. Kazi ya wadi ilikuwa ya wanaume, tuliwaita madresa. Wasichana weusi wenye kofia ya unesi tulikuwa wachache, na wazee walitutazama kama mtu aliyeagiza kiti akaletewa ngazi.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mmoja mwembamba tuliyempa jina la Sista Rula, kwa sababu alipima mkunjo wa shuka kwa rula, na asiporidhika aliling'oa lote mbele ya mgonjwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kutunza mgongo. Siku hizi mna magodoro ya hewa yanayopumua yenyewe. Sisi tulikuwa na viganja. Kila baada ya saa nne: maji ya vuguvugu, sabuni, sugua kwa mzunguko, kausha, spiriti, poda. Visigino, viwiko, mabega, na pale juu ya matako mfupa unapochomoza. Spiriti ilifungiwa kabatini, maana kulikuwa na madresa walioamini kwamba dawa nzuri ya nje lazima ifae na ndani.

Sista alisema tutafute wekundu. Ngozi ikiwa nyekundu, kidonda cha kulalia kinabisha hodi. Ni maneno mazuri kwa ngozi ya Sista. Aliyenifundisha ya ngozi yetu ni Mutua, dresa Mkamba mwenye mikono kama majembe na sauti ya mwalimu wa kwaya.

"Wewe natafuta nyekundu hapa?" aliniambia siku moja, nimeinamia mgongo wa mzee mweusi kama sufuria. "Utatafuta mpaka kanisa ifungwe. Weka mgongo ya mkono yako. Sikia joto. Sikia kama ni ngumu kama ubao, ama laini kama ndizi imeiva sana. Ngozi yetu ni ya kusikiliza, si ya kuangalia."

Andikeni hiyo. Hamkuiandika. Haya.

Sasa Mzee Makokha. Alikuwa mpishi wa Wazungu huko Kilimani, Nairobi. Msifikirie Kilimani ya maghorofa na vijana wanaoita teksi kwa simu. Kilimani ile ilikuwa nyumba moja, uwanja wa kupotelea, na mbwa watatu waliokula nyama kushinda mpishi wao. Mzee alikuwa ameipiga sakafu ya jikoni polishi kwa mikono yake mwenyewe, halafu akaikanyaga na soksi. Nyonga ikavunjika. Aliletwa kwetu, mguu ukafungwa kamba, kamba ikapita kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda na kuning'iniza vyuma vizito, ili mfupa unyooke. Hiyo ndiyo ilikuwa tiba. Unalala chali miezi mitatu kama kuku wa kuuzwa. Kumgeuza ubavu hairuhusiwi, kwa hiyo mgongo wake ni kazi ya watu wawili: mmoja anainua, mwingine anasugua. Kumbukeni hapo, watu wawili.

Nilimkuta kitanda cha kumi na moja, amenuna, meno sita. Nikasikia lafudhi ya nyumbani alipomtukana aliyembeba. Nikaona bei inashuka. Mzee akijua wewe ni wa kwao, hata mafuta ya nyonyo anayanywa kwa heshima.

"Mulembe, Mzee," nikamwamkia kwa lugha ya kwetu.

Jicho moja likafunguka. "Mulembe. Kumbe wewe ni wa kwetu?"

"Wa kwenu kabisa."

"Ukoo gani?"

Hapo ningesema nimeitwa na Sista. Badala yake nikautaja ukoo, nami nikamuuliza wake, tukawa tunacheka. Akataka jina la baba. Nikampa.

"Yule mwenye kigugumizi? Kitindamimba wa mzee aliyeoa wake saba?"

"Wanane," nikamsahihisha, kwa sababu hesabu ni hesabu.

Nikaona vidole vyake vinatembea juu ya blanketi, kimoja kimoja, kama mtu anayekagua maharagwe. Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

"Basi baba yako ni mdogo wake babu ya mke wangu."

"Ehe?"

"Basi wewe na baba yake mke wangu mnaitana ndugu."

Nami nikaanza kuhesabu, nikafika mahali alipofika yeye. Mzee akavuta blanketi jekundu akajifunika uso wote. Sauti ikatokea chini yake, nzito, ya adabu:

"Tafadhali ondoka, mama mkwe."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili.

Nyinyi mliozaliwa mjini, mitaa ya Jamhuri na Mountain View, mtasema, si wangecheka tu yaishe? Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mkono. Hawakai chumba kimoja. Akimwona njiani anaingia kichakani, hata kama kichaka ni cha miiba. Na shangazi wa mke ni mama mkwe, uwe umezaliwa juzi. Sasa fikiria umvue mkwe wako suruali, umwinue matako, umsugue kwa sabuni mchana kweupe, wagonjwa thelathini na mmoja wakiangalia. Msidhani ni yeye tu aliyeona haya. Mimi nilikuwa na kofia, na cheti, na kiatu cha ngozi, lakini miguu yangu yenyewe ilirudi nyuma kabla sijaiambia. Nilipomwendea Mutua kumwomba amchukue yule mzee, nilikuwa nimefurahi kupata pa kukimbilia.

"Kwetu pia iko," Mutua akasema. "Mama ya bibi yangu akija Nairobi, mimi nalala kwa rafiki. Acha mimi nitaosha yeye."

Basi tukagawana. Kitanda cha kumi na moja chako, vya kumi na mbili hadi kumi na tano vyangu. Kila asubuhi nilipita mwisho wa kitanda, macho pembeni, nikaitazama chati ya mgongo. Tiki sita kwa siku. Nilizihesabu, nikarudi nikazihesabu tena. Sita. Siku nne, tiki ishirini na nne. Nikajiona msimamizi.

Siku ya tano asubuhi Mutua alinifuata kabatini, bakuli la uji mkononi, limebaki tupu.

"Nesi, mzee yako leo iko mbaya."

"Amekataa kula?"

"Amekubali. Nimemwambia ishirini, amesema ndiyo. Amekubali bei ya kwanza."

Mzee mpishi, mtu aliyebishana na Wahindi wa mboga miaka thelathini, amekubali bei ya kwanza. Pima joto, nikamwambia. Joto lilikuwa juu.

"Mutua. Ule mgongo, ni nani alikuwa anakuinulia ukiusugua?"

Akalitazama lile bakuli. "Nani ataniinulia? Madresa wote wako chumba ya plasta. Nasugua pale mkono inafika. Mabega. Kisigino."

"Na pale chini?"

"Pale chini ni kazi ya watu wawili, nesi. Wewe najua."

Nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza, na ndiyo sababu sikuuliza. Nilihesabu tiki mara mbili kwa siku kwa sababu tiki haina matako. Mutua alikwenda akaingiza mkono chini ya mzee kadiri ulivyoingia, akarudi akiufuta.

"Pako moto kama jiko. Na katikati iko kama ile ndizi."

Mkifundishwa kidonda cha kulalia mnaonyeshwa picha, mnasema "woi," mnageuza ukurasa. Kidonda kile kina tabia ya mwizi mwenye subira. Juu unaona tundu la kupitisha kidole, chini kimeshachimba sebule. Kikifika mfupani, mzee wa umri ule hana wiki nyingi. Nyonga ya Mzee Makokha ilikuwa inaunga vizuri sana. Angekufa na mguu ulionyooka.

Kwa hiyo palihitajika kuinuliwa sasa, kusafishwa sasa, na kila baada ya saa mbili, si nne. Tulikuwa wawili zamu ile, Mutua na mimi. Nilipokaribia tu, mzee akashika vyuma vya kitanda kwa mikono yote miwili, blanketi usoni, akajikaza. Ukimlazimisha mtu mwenye vyuma mguuni, unauvunja tena. Njia ya pili ilikuwa kumwita Sista Rula aje ainue yeye. Lakini Sista angeanza na chati, na chati ilikuwa na uongo ishirini na nne, nami nilikuwa nimeupitisha. Sikumwita. Niliogopa kuuvua mkanda wangu wa unesi kuliko nilivyoogopa kidonda kisicho changu. Nasema ilivyokuwa.

Nilileta skrini, ile ya kitambaa yenye magurudumu, nikaiweka kati ya kitanda na mimi. Maana kwetu aibu huondolewa: kuna kitu hutolewa upande huu, kuna kitu hutolewa upande ule, mnakula pamoja, na toka siku hiyo mkwe anaweza kukuona bila kukimbia. Na mahali kitu kinapotolewa, bei hupatikana. Ila mkwe na mama mkwe hawasemezani, kwa hiyo Mutua ikawa kazi yake kuyabeba maneno kutoka upande mmoja wa skrini hadi wa pili, hatua tatu.

"Mwambie mkwe wangu nataka tuondoe aibu leo."

Mutua akazunguka. "Anataka muondoe aibu leo."

Halafu ile sauti ya chini ya blanketi: "Mwambie mama mkwe, aibu haiondolewi na maneno. Mbuzi."

Mutua akarudi. "Anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mbuzi haruhusiwi wadini."

Akazunguka. "Anasema mbuzi haruhusiwi."

"Muulize mlangoni wameandika hakuna mbuzi?"

"Anauliza..."

"Mwambie wameandika hakuna mbwa."

"Basi mbuzi ana ruhusa," mzee akasema, na kitanda cha kumi na mbili kikacheka.

"Hawa watu," Mutua akanung'unika, jasho linamtoka. "Mimi nasikia, yeye nasikia, mpaka ule mgonjwa ya mwisho kule anasikia. Kwa nini mimi natembea?"

"Tembea."

Nawaambia ukweli, nilifurahi alivyong'ang'ania mbuzi. Sauti yake ilikuwa imepata mifupa. Mtu anayekupandishia bei hajaamua kufa. Nikashuka hadi kuku. Akasema kuku ni wa mgeni wa kawaida, si wa mkwe. Nikasema kuku jike mkubwa, mwenye mafuta. Akasema jogoo. Nikakubali jogoo haraka kidogo, akagundua, akaongeza: amwone akiwa hai. Nikasema hai haiwezekani, ila ataletewa kichwa na miguu yote miwili kama ushahidi, na firigisi ni yake peke yake, haigawanywi. Hapo akanyamaza. Mwanamume wa kwetu akitajiwa firigisi hunyamaza.

"Naye mkwe atatoa nini?" nikauliza, kwa sababu hata kwenye moto mimi siachi upande wa pili wa mzani.

"Blanketi."

"Nimekubali. Leo mgongo, kesho kuku."

"Leo kuku," akasema, "kesho mgongo. Aibu haikopeshwi."

Hiyo ni siku nzima nyingine ya kungoja. Pale ndipo nilipoona kwamba nimejadiliana vizuri sana na nimeshindwa. Kidonda hakikuwa kwenye mapatano. Kilikuwa kinaendelea na kazi yake kule chini, hakijui kuku wala mbuzi.

Nikavua kofia. Kofia ya unesi siku zile haikuvuliwa wadini. Msichana aliyeonekana kichwa wazi alikuwa kama askari aliyeacha bunduki baa. Nikampa Mutua juu ya skrini.

"Mwambie hii ni rehani. Akae nayo mpaka kuku afike. Bila hiyo mimi si nesi, na kazi sina."

Mutua hakuyarudia maneno. Aliiweka tu ile kofia juu ya kifua cha mzee. Kupitia nafasi ya skrini niliona mkono wa mpishi, wenye alama za kuungua, ukitoka chini ya blanketi. Ukaipapasa kofia, ukafuata mishono yake yote ukingoni, ukaichomeka chini ya mto.

"Ingia, mama," akasema. Hakusema mkwe.

Tukaingia. Mutua akamkumbatia na kumwinua, nikaangalia. Sitawaelezea. Palikuwa na ukubwa wa kisosi, katikati peusi, na harufu. Mzee alikuwa ameuma blanketi. Nilisafisha, mikono yangu ikifanya kazi na kichwa kikihesabu tiki, moja, mbili, mpaka ishirini na nne, halafu tena kutoka mwanzo.

Nilikuwa bado nimeinama nikasikia magurudumu ya skrini.

"Kofia yako iko wapi?"

Ni Sista Rula. Nikasema jibu pekee lililokuwepo: "Iko chini ya mto wa mgonjwa, Sista."

Sista alikuwa na Kiswahili cha kuamrisha mtunza bustani, na akikasirika kilizidi kuvunjika. "Wewe nafanya nini na kofia chini ya..." Kisha akauona mgongo. Akaichukua chati, akaisoma, akaurudia mgongo. "Nani naandika hii?"

Mutua alikuwa amembeba mzee, hawezi hata kujikuna. Akafungua mdomo, nami nikamtangulia.

"Tiki ni za Mutua, Sista. Mtu mmoja hawezi kumwinua mgonjwa huyu, na mimi nilijua. Nilihesabu tiki, sikuhesabu watu."

Nikamweleza yote, ukoo, mkwe, skrini, jogoo. Nikimweleza alikuwa anakunja mikono ya sare yake. Alipomaliza kukunja akaja upande wa Mutua, akaweka mikono chini ya mzee, akamwambia Mutua alete maji mengine. Tukaosha mara ya pili. Sista alikata zile nyama nyeusi kwa mkasi, na alipomaliza akaniambia mambo matatu. Mutua na mimi tungesugua migongo ya wadi nzima, pamoja, mwezi mzima, watu wawili kwa kila mgongo, na tiki ingewekwa na mgonjwa mwenyewe. Kofia ningeipata nikishaikomboa. Na huyo jogoo aletwe haraka, kwa sababu mzee mwenye kidonda anahitaji nyama, na jiko la hospitali linajua maharage tu.

"Kubwa," akasema. "Mafuta mingi."

Kwa hiyo kesho yake asubuhi, kichwa wazi na barua ya hospitali mfukoni, nilikwenda Kangemi kwa mama mmoja niliyemjua. Zilikuwa siku za hali ya hatari, barabarani askari kila kona. Walinisimamisha mara mbili. Wa pili aliisoma barua yangu juu chini, akamwangalia jogoo.

"Na huyu? Barua yake?"

"Huyu anakwenda kulazwa," nikasema, "kitanda cha kumi na moja." Akanipisha. Nadhani alichoka.

Tulimpika kwa makaa chumbani kwa Mutua. Saa za wageni mzee aliketishwa kidogo kwa mito, nikafungua kitambaa. Akakagua kichwa. Akakagua miguu, mmoja, na wa pili, akailinganisha kuona kama ni ya jogoo mmoja. Nilimheshimu sana kwa hilo. Akala firigisi polepole, macho yamefumba, na kila mwanamume wa wadi ile alikuwa anatafuna naye bila kitu mdomoni. Kisha akatoa blanketi.

Mnajua alilitoa wapi. Alilivuta jekundu kutoka miguuni pake, akalikunja vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili na maneno yote yanayopaswa. Nikawa nimepewa blanketi la serikali na mgonjwa wa serikali. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikashukuru ukoo wake, nikamfunika nalo. Sitini na manne, yalitimia.

Kofia ilirudi imekuwa bapa kama chapati.

Kidonda kile kilichukua wiki tisa. Nilikipima kwa uzi wa kushonea, kila Jumatatu, urefu na upana, na kuukata uzi nikauweka kwenye bahasha. Uzi wa wiki hii ukiwa mfupi kuliko wa wiki iliyopita, nalala. Kuna wiki mbili sikulala, haukupungua hata kidogo. Sista alituletea mayai kwa mkono wake mwenyewe na kudai hajui yametoka wapi. Mutua aliinua, mimi nikasugua, na mzee akaweka tiki kwa penseli, moja kila safari, akiikataa kama maji yalikuwa ya baridi. Ngozi mpya huja kutoka ukingoni, nyembamba, inang'aa kama ya mtoto. Haiharakishwi. Ukiisugua kwa nguvu kuonyesha bidii, unaing'oa.

Siku kilipofunga, mzee akataka kukiona. Hajawahi kuuona mgongo wake tangu azaliwe. Sista akatoa kioo mkobani, mimi nikashika cha kunyolea upande wa pili, Mutua akainua. Mzee akatafuta, akapata, akatazama kwa muda mrefu lile kovu la ukubwa wa kisosi.

"Ndiyo hii iliyogharimu jogoo mzima?"

"Ndiyo hiyo."

Akarudisha kioo. Hakuniangalia mimi, aliangalia ile chati mwisho wa kitanda.

"Zile siku nne nilimwona Mutua akiandika," akasema. "Miaka thelathini nimekagua risiti za jikoni, naijua tiki. Nilijua hajafika kule chini. Palikuwa panawaka. Nikanyamaza, kwa sababu ningesema, wangekuleta wewe."

Mutua akajifanya anakaza kamba ya mguu, ambayo haikuwa imelegea. Mimi niligeuza mkono, nikaweka mgongo wa mkono huo pale penye ngozi mpya, kama nilivyofundishwa, nikasikiliza. Palikuwa baridi. Nikabadilisha mkono, nikashika tena kuhakikisha.

"Mama mkwe," akasema mzee, "mara ya kwanza ilikuwa kazi. Hii ya pili ni kupapasa."